Ibn al-Haytham, Shahidi Mwaminifu wa Nuru

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchini Iraki, yapata mwaka 965, akafariki Cairo, Misri, yapata mwaka 1040. Kabla yake, Euclid na Ptolemy walikuwa wamefundisha kwamba jicho hutoa miali iendayo kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham hakuikubali kauli hiyo kwa ukubwa wa majina yao. Aliona kuwa jicho huumia likitazama jua. Basi nuru ndiyo ilijiayo jicho.

Ili kujua mwendo wa nuru, aeleza katika Kitab al-Manazir, kitabu chenye sehemu 7, jinsi ya kuweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba chenye giza. Ukutani huonekana mianga kwa hesabu ya taa. Taa moja ikifunikwa, mwanga wake tu hutoweka. Ikifunuliwa, hurudi palepale. Ndipo ahitimishapo kwamba mianga haichanganyiki tunduni, bali kila mmoja hushika njia yake iliyonyooka.

Ndugu msomaji, uangalie mpango huo: kwanza vyombo, kisha kitendo, kisha kilichoonekana, na mwisho hukumu. Mwanafunzi wa fizikia aandikaye leo ripoti ya maabara hufuata utaratibu uo huo. Akigeuza kipimo ili kipatane na kitabu, ameharibu ushahidi. Ibn al-Haytham alifundisha kwamba mtafutaji wa kweli yampasa kuishuku hata akili yake mwenyewe. Kwa hiyo aliandika hivi kwamba hata asiyemsadiki aweze kuwasha taa zake na kujionea.