Barghash bin Said: Kutoka Njama hata Enzi

Msafiri atokaye Mji Mkongwe wa Unguja na kuifuata pwani ya kusini hufika Chukwani. Hapo, juu ya bahari, palikuwapo zamani jumba la kifalme. Seyyid Barghash bin Said alilijenga ili apate mahali pa kupumzika na kuvuta hewa safi, mbali na kelele za mji. Sehemu kubwa ya jumba hilo imekwisha bomolewa. Lakini jina la aliyelijenga bado latajwa katika kila nyumba ya Unguja, na wengi humtaja kwa sifa: ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, na ndiye aliyeleta maji safi mjini. Wachache hukumbuka kwamba mfalme huyu, kabla ya kukaa juu ya kiti, alikuwa mla njama, mtu wa kukutana na wenzake usiku na kutuma barua za siri ili kuiangusha serikali ya ndugu yake. Twapenda leo kuisimulia habari hiyo, kwani ina mafunzo kwa kila mtu mwenye nyumba na kwa kila mtu mwenye mamlaka.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mwana wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Seyyid Said alikuwa na watoto wengi wa mama mbalimbali, nao walikua katika majumba ya Mtoni na ya mjini, wakipendana na kuoneana wivu kama ilivyo desturi ya nyumba kubwa. Mzee huyo alikuwa hodari wa biashara na wa siasa, lakini aliacha jambo moja bila kulifunga barabara: nani ashike kiti baada yake. Jambo hilo moja ndilo lililozaa mengine yote.

Mwezi wa Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, akirudi Unguja kutoka Maskati, na Barghash alikuwamo chomboni pamoja naye. Seyyid Majid, nduguye mkubwa aliyekuwa akitawala Unguja kwa niaba ya baba yao, alikuwa ametoka kwa chombo kwenda kumlaki mzee wake, nao wakapishana baharini. Barghash aliiona nafasi. Alishuka pwani usiku pamoja na maiti ya baba yake, akataka kuishika ngome kabla habari za msiba hazijaenea. Mkuu wa ngome alikataa kumpa. Kulipokucha nafasi ilikuwa imekwisha pita, na Majid akawa mtawala wa Unguja. Barghash alikuwa kijana wa miaka 19 hivi, na tangu siku ile hakuacha kukitamani kiti.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya hatari kwa serikali ya Majid. Seyyid Thuwaini, ndugu mwingine, alishika utawala wa Maskati, naye alidai kwamba Unguja pia ni mali yake. Mapatano yalifanywa kwamba Majid ampelekee reale 40,000 kila mwaka, lakini fedha hizo hazikuendelea kulipwa. Mwanzoni mwa mwaka 1859 Thuwaini alitweka matanga pamoja na majahazi ya vita kuja Unguja. Majid akakusanya watu na silaha, mji mzima ukangojea mapigano. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na nguvu Bara Hindi, ilituma meli kumzuia Thuwaini njiani, naye akakubali kurudi. Vita vya nje vikaepukwa. Lakini wakati macho ya serikali yalipokuwa yakitazama bahari, moto ulikuwa ukiwashwa ndani ya nyumba.

Njama ya Barghash ilifumwa mjini, katika nyumba zilizotazamana na zenye kuta nene. Upande wake walisimama Waarabu wa kabila la Al-Harthi, waliokaa Unguja tangu kabla ya ukoo wa Seyyid Said, nao hawakupenda kutawaliwa na ukoo huo. Kiongozi wao alikuwa Abdallah bin Salim. Lakini waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya siri walikuwa wanawake wa jamaa yake mwenyewe: dada yake Khole, binti za marehemu nduguye Khalid, na dada yake mdogo Salme, aliyekuwa na miaka 15 tu.

Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, jambo lisiloruhusiwa kwa mabinti wa siku zile. Kwa sababu hiyo alifanywa kuwa mwandishi wa njama. Barua za kuwaita wakuu, za kuagiza bunduki na baruti, zilitoka mkononi mwake. Yafaa tukumbuke kwamba Majid hakumtendea msichana huyu ubaya wo wote. Alikuwa kaka mwema kwake. Salme hakuchukua upande kwa kuwa amedhulumiwa, wala kwa kuwa alizipima haki za hawa na za wale. Alimpenda Khole, na Khole alimpenda Barghash. Ndivyo watoto wanavyotiwa katika magomvi ya wakubwa: hufuata mkono wa yule wampendaye, na gharama wataijua baadaye.

Serikali ilipata fununu, na askari wa Majid wakaizingira nyumba ya Barghash. Ndipo Khole na Salme walipotenda jambo ambalo Unguja haijalisahau. Walitoka usiku pamoja na kundi la wanawake, wakawakabili walinzi, wakadai kuingia kumwona ndugu yao. Askari walistaajabu kuona mabinti wa mfalme wakisimama mbele yao na kusema nao, wakawapisha. Ndani, Barghash alivikwa nguo za kike hata yasionekane ila macho, akawekwa katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisimtambulishe. Kundi likatoka kama lilivyoingia. Nje ya mji watu wa Al-Harthi walikuwa wakingoja, nao wakaenda pamoja naye hata shamba liitwalo Marseille, jina alilolipa Khalid kwa sababu ya kuwapenda Wafaransa. Huko palikuwa pamekwisha wekwa silaha, na mikate mingi iliyookwa kwa siri mjini ilipelekwa kuwalisha watu.

Majid alikwenda kupigana nao. Lakini nguvu zake peke yake hazikutosha, akaomba msaada kwa Balozi wa Kiingereza, Rigby, naye alitoa mabaharia na mizinga ya manowari. Katikati ya mwezi wa Oktoba 1859 Marseille ilipigwa. Watu wengi walikufa, na si Waarabu wenye madai peke yao. Walikufa pia watumwa, ambao hawakuulizwa kama wampenda Majid au Barghash, na ambao ye yote kati ya hao wawili angalishinda, wao wangalibaki watumwa. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Kule Marseille nyasi zilikuwa ni watu.

Barghash alitoroka usiku akarudi mjini, akajificha katika nyumba yake. Rigby akaja na askari wa manowari kuupiga hodi mlango wake, naye akajitoa. Alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko karibu miaka miwili. Wakuu wa Al-Harthi walitiwa kifungoni. Lakini dada zake Majid hakuwagusa. Walikuwapo waliomshauri awaadhibu vikali, naye alikataa. Tendo hilo la Majid, ambaye historia humtaja kwa uchache, latufaa sana kulikumbuka, kwani kuwasamehe watu wa nyumba yako waliokusudia kukuangusha ni kazi ngumu kuliko kushinda vita.

Mwaka 1861 serikali ya Kiingereza ya Bara Hindi iliamua kwamba Oman na Unguja ziwe nchi mbili mbali mbali, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Barghash alirudi akakaa kimya. Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870, Barghash alikipata kwa amani kile kiti alichokikosa mara mbili kwa hila na kwa silaha.

Yapasa tuseme haki: alitawala kwa bidii. Alipoanza alikuta taabu, kwa maana mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo na kung'oa mikarafuu. Bombay ilikuwa imemwonyesha mji mkubwa ulivyo. Alivuta maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mabomba hata mjini, na watu maskini wakapata maji yasiyo machafu. Alileta mitambo ya kupigia chapa vitabu. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilisimama mbele ya bandari, nyumba ambayo sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba 2020. Na Chukwani akajenga jumba la mapumziko.

Lakini mkono uleule uliopiga hodi mlangoni mwake mwaka 1859 haukumwacha. Mwaka 1873 Bartle Frere alitumwa kutoka Uingereza kumtaka akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa, akionyesha hasara za kimbunga. Ndipo Balozi John Kirk alipomjulisha kwamba manowari zingeifunga bandari, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Twashukuru kwamba lilifungwa. Twasikitika tu kwamba tendo la haki namna hiyo lilihitaji vitisho vya manowari, badala ya kutoka katika moyo wa mtawala ambaye watumwa walikufa kwa ajili yake kule Marseille.

Baadaye zilikuja manowari nyingine zisizotafuta haki. Wajerumani walikuwa wamechukua nchi za bara kwa mikataba ya karatasi, na mwezi wa Agosti 1885 merikebu zao za vita zikatia nanga mbele ya jumba lake hata akakubali madai yao. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara zenyewe kwa zenyewe, zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10.

Na pamoja na Wajerumani wale alikuja mwanamke mmoja. Alikuwa Salme, mwandishi wa njama ya zamani. Yeye alikuwa amepatana na Majid, na kwa kosa hilo Barghash na Khole wakamtenga. Kisha mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata akabatizwa huko Aden na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka 1885 alirudi kudai urithi wake na kuwaona jamaa zake. Barghash hakukubali kumwona. Yeye aliyetolewa katika nyumba iliyozingirwa kwa ujasiri wa msichana huyo, na aliyeona jinsi Majid alivyowaachilia waliomkosea, hakuweza kumfungulia mlango. Twaweza kuzieleza sababu zake: dini aliyoiacha dada yake, na merikebu za adui zilizomleta. Lakini tukisha kuzieleza zote, bado twamwona mtu aliyepokea msamaha bila kujifunza kuutoa.

Seyyid Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888, mara tu baada ya kurudi kutoka Oman alikokwenda kutafuta afya. Mbegu aliyoipanda haikufa naye. Mwezi wa Agosti 1896 mwanawe Khalid alilishika jumba la kifalme bila kibali cha Waingereza, na tarehe 27 manowari zikalipiga kwa mizinga katika vita visivyotimu saa moja. Mwana alifanya kama baba alivyofanya, akajibiwa na watu walewale, kwa ukali zaidi.

Je, twajifunza nini? Hatusemi kwamba kila mtu apingaye serikali hutenda dhambi. Zipo serikali zinazostahili kupingwa, na mara nyingine dhamiri haimwachi mtu akae kimya. Lakini apingaye na ajiulize ni kwa ajili ya nani. Barghash hakutaka kuondoa dhuluma ya kiti, alitaka kukikalia; kwa hiyo watu wa chini walimwaga damu bila kupata kitu. Na atawalaye naye ajiulize kama ameacha mlango wa kusemea. Palipokosekana njia iliyo wazi ya kuamua nani atawale, ndugu walikwenda gizani, na mgeni akaitwa kuamua. Na mgeni aitwaye kuamua ugomvi wa nyumba hatoki upesi.

Leo Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lina makao yake huko huko Chukwani, si mbali na magofu ya yule aliyekuwa mla njama. Twaona ni jambo jema kwamba mahali hapo pawe pa kubishana kwa maneno, mchana, na majina ya wasemaji yakiandikwa. Na katika nyumba zetu pia, enyi baba na mama, tugawe mirathi tungali hai, tuseme wazi yaliyo moyoni, wala tusiwafanye watoto waandishi wa barua zetu za siri. Na aliyekosana na dada yake, akija kupiga hodi, amfungulie.