Michel Eugène Chevreul

Michel Eugène Chevreul (Angers, 31 Agosti 1786 – Paris, 9 Aprili 1889) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kueleza mafuta ya wanyama yameundwa na nini, na kwa kutumia viyeyushi na fuwele kutenganisha kampaundi ogania.

Maisha

Baba yake alikuwa tabibu. Mwaka 1803 alihamia Paris, akajifunza kemia chini ya Nicolas Vauquelin. Mwaka 1824 alipewa kuongoza kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Alifariki akiwa na umri wa miaka 102.

Utafiti wa mafuta

Mnamo 1811 alianza kuchunguza sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe na potashi. Alipoitia asidi alipata dutu mpya, ambazo leo huitwa asidi za mafuta. Shida ilikuwa kuzitenganisha, kwa sababu hufanana sana.

Alitumia alkoholi. Ikiwa moto huyeyusha asidi hizo kwa wingi. Ikipoa, zile ngumu hujitenga kama fuwele, na zile laini hubaki katika kimiminika. Kiyeyushi kinachofaa kwa kazi hii ni kile kinachoyeyusha dutu nyingi kikiwa moto na kidogo tu kikiwa baridi. Chevreul alirudia hatua hizo huku akipima kiwango cha kuyeyuka cha fuwele. Kiwango hicho kilipoacha kubadilika, alihesabu dutu kuwa safi. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1823.

Hata hivyo kipimo hicho kiliwahi kumpotosha. Dutu aliyoiita asidi margariki ilionekana safi, lakini katika miaka ya 1850 Mjerumani Wilhelm Heintz alionyesha kuwa ni mchanganyiko wa asidi palmitiki na asidi steariki. Mchanganyiko wenye uwiano fulani unaweza kuyeyuka kama dutu moja. Ndiyo maana kipimo kimoja peke yake hakitoshi.

Urithi

Mwaka 1825 yeye na Joseph Louis Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi za mafuta. Mishumaa ya asidi steariki ilitoa moshi na harufu kidogo kuliko ile ya shahamu. Mwaka 1857 alitunukiwa Medali ya Copley, na jina lake ni mojawapo ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel. Hadi leo kiwango cha kuyeyuka hutumika maabara kupima usafi wa fuwele.