Richard Dimbleby: Mtangazaji aliyetishia kuacha kazi ili ukweli wa Belsen usikike

Mwaka 1936, taarifa ya habari ya BBC ilikuwa kitu cha kusomwa tu. Mtangazaji alikaa studio jijini London, akasoma habari zilizoletwa na mashirika ya habari, basi. Kumtuma mtu eneo la tukio halikuwa jambo la kawaida.

Kijana Richard Dimbleby aliona hiyo haitoshi. Aliwaandikia barua wakubwa wa BBC akishauri waandishi watoke ofisini, wafike kwenye tukio na waongee na walioshuhudia. Mwaka huohuo akapewa kazi.

Uandishi aliukuta nyumbani. Alizaliwa Mei 25, 1913 huko Richmond, karibu na London, na familia yake ilimiliki gazeti la mtaa, Richmond and Twickenham Times. Hapo ndipo alipoanzia.

Novemba 30, 1936, jumba maarufu la vioo la Crystal Palace liliteketea kwa moto. Dimbleby aliripoti kwa simu kutoka hukohuko. Wazo lake likaonekana lina maana.

Vita vilimfanya ajulikane

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alikwenda Ufaransa na jeshi la Uingereza akiwa mwandishi wa kwanza wa vita wa BBC. Baadaye aliripoti kutoka Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, akapanda pia ndege za kivita zilizokwenda kupiga mabomu Ujerumani.

Lakini kilichomvunja moyo ni Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi. Wanajeshi wa Uingereza waliingia Aprili 15, 1945 na kukuta wafungwa wapatao 60,000, wengi mahututi kwa njaa na maradhi, huku maelfu ya maiti zikiwa hazijazikwa. Dimbleby alikuwa mtangazaji wa kwanza kuingia. Pamoja na yote aliyoyaona vitani, alishindwa kujizuia mara kadhaa wakati anarekodi.

Ripoti ilipofika London, wakubwa wakasita. Walitaka kwanza ithibitishwe na vyanzo vingine. Dimbleby akawaambia wasipoirusha, anaacha kazi. Ikarushwa, na Waingereza wakasikia unyama ule kupitia sauti waliyoizoea na kuiamini.

Kutoka redio hadi runinga

Baada ya vita aliacha ajira ya kudumu, akawa mtangazaji wa kujitegemea. Juni 2, 1953, Malkia Elizabeth II alipotawazwa, Dimbleby ndiye aliyetangaza kwenye runinga kutoka ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Zaidi ya watu milioni 20 walitazama Uingereza, wengi wakiwa wamejazana kwa majirani wenye runinga.

Mwaka 1955 akashika kipindi cha Panorama. Aliaminika kiasi kwamba Aprili 1, 1957 kipindi kilipofanya utani kwamba tambi zinavunwa mtini huko Uswisi, baadhi ya watazamaji walipiga simu kuuliza mti huo unapandwaje!

Saratani bila siri

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiugua saratani, ila aliendelea na kazi. Januari 30, 1965 alitangaza mazishi ya Winston Churchill.

Enzi hizo Uingereza saratani ilisemwa kwa kunong'ona. Hali ilipozidi kuwa mbaya, Dimbleby na familia yake wakaamua umma ujue anaumwa nini. Barua za kumtakia heri zikamiminika kwa maelfu. Alifariki Desemba 22, 1965, akiwa na miaka 52, na mfuko wa kupambana na saratani ukaanzishwa kwa jina lake.

Watoto wake David na Jonathan nao wakawa watangazaji. Mwaka 1973, Jonathan alikwenda Ethiopia na kuonyesha kwenye runinga njaa ambayo serikali ya Haile Selassie ilikuwa ikiificha. Kama baba yake, alikwenda kuona mwenyewe.