Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, aliyejua yeye ni nani

Wapendwa, wengi wetu tunapita barieri ndogo kati ya Goma na Gisenyi bila hata kuwaza. Unaonyesha karatasi, unavuka, unauza nyanya zako au unaenda ibada, jioni unarudi nyumbani. Mwezi wa nne mwaka 1994, karatasi ndiyo iliyoamua nani aishi na nani afe. Na hapa mjini Gisenyi alikuwepo mama mmoja wa miaka kama 60 ambaye karatasi yake haikuwa na shida yoyote. Iliandikwa Hutu. Angekaa kimya, angepona.

Félicité Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934 huko Vumbi, upande wa Butare, kusini mwa Rwanda. Alijiunga na Auxiliaires de l'Apostolat, kundi la wanawake wa Kanisa Katoliki wanaojitoa kwa Mungu bila kuolewa, ila wanaishi katikati ya watu. Huku Gisenyi alihudumu katika Centre Saint Pierre. Najua wapo watakaouliza mama wa Kikatoliki anatafuta nini katika gazeti letu la Kipentekoste. Mwaka ule watu wa madhehebu yote, wabatizwa kabisa, waliamini kadi kuliko ubatizo wao. Kwa hiyo tusikilize tu.

Kwanza hiyo kadi. Ilikuwa na mstari wa ubwoko: Hutu, Tutsi, Twa. Na neno ubwoko lenyewe lina historia yake. Zamani ukimuuliza Mnyarwanda ubwoko wake, alikutajia ukoo: Abasinga, Abazigaba, Abagesera, na koo nyingine. Ndani ya ukoo mmoja ulikuta Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Tofauti zilikuwepo, na wakubwa walionea wadogo, hilo tusilifiche. Lakini katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandikisha watu, wakampa kila mtu kitambulisho, na kile kilichoandikwa pale kikamfuata mtu na watoto wake. Neno la ukoo likahamishwa likawa la kutenganisha. Baada ya uhuru watawala wetu wenyewe wakakiacha kile kitambulisho vilevile. Shuleni watoto walisimamishwa darasani, Wahutu simameni, Watutsi simameni, na mtoto ambaye hakujua alirudi nyumbani kuuliza. Huo ndio utumwa, wapendwa: kuambiwa na karatasi wewe ni nani, ukakubali, ukamfundisha na mwanao.

Wakati wote huo jina la huyu mama lilikuwa linasema habari nyingine. Niyitegeka, yaani Mungu ndiye anayetawala. Ni jina la Kinyarwanda halisi; Mhutu analipewa, Mtutsi analipewa, na ndugu zetu wa Burundi wanalielewa bila mkalimani. Wazee waliowapa watoto majina ya namna hiyo walikuwa wanajua mtu ni wa nani.

Mauaji ya kimbari yalipoanza tarehe 7 Aprili, Gisenyi iliwaka tangu siku za kwanza. Watutsi walikimbilia kwa Félicité, naye akawapokea. Wengine aliwasaidia kuvuka mpaka kuingia Goma. Ninyi mnaokaa pande zile mnajua ni karibu kiasi gani, na pia mnajua karibu inavyokuwa mbali pakiwa na vizuizi vya Interahamwe kila kona. Na yeye mwenyewe angeweza kuvuka. Hakuvuka.

Ndugu yake wa kiume alikuwa mkubwa wa jeshi. Alisikia hatari inayomkaribia dada yake, akamtumia ujumbe aondoke pale. Félicité alimjibu kwa barua fupi. Alimshukuru kwa kumfikiria. Akamwambia ana watu 43 mikononi mwake, na kuliko kujiokoa na kuwaacha, anachagua kufa pamoja nao. Akaomba waombewe wafike kwa Mungu, akamwagiza amuagie mama yao mzee, akaahidi kwamba akifika naye atamwombea. Ukiisoma barua ile hukuti hasira wala maneno makubwa. Ni dada anamwandikia kaka yake, basi.

Tarehe 21 Aprili wauaji walikuja, wakawabeba wote hadi kwenye makaburi ya mji, mahali palipoitwa Commune Rouge. Inasimuliwa kwamba hata pale alipewa nafasi ya mwisho ya kurudi, kwa sababu ya kadi yake na kwa sababu ya ndugu yake. Alikataa. Aliuawa pamoja na wale aliowapokea.

Mimi naona watesi walishindwa pale, ingawa bunduki zilikuwa zao. Nguvu yao ilitegemea kila mtu akubali kile kilichoandikwa kwenye mstari ule. Yeye hakukubali, na hawakuwa na kitu kingine cha kumshikia.

Leo Commune Rouge ni mahali pa kumbukumbu, na kitambulisho cha Rwanda hakina tena mstari wa ubwoko. Félicité ametajwa kuwa shujaa wa taifa katika daraja la Imena. Tarehe 1 Februari, siku ya mashujaa, anakumbukwa pamoja na wanafunzi wa Nyange, wale ambao usiku mmoja wa Machi 1997 waliamriwa na watu wenye silaha wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, wakabaki mahali walipokuwa.