Dkt Still: Mganga wa mifupa aliyewarithisha wanafunzi wake mitihani miwili

KILA mwaka, maelfu ya vijana nchini Marekani hujifungia vyumbani na mabunda mawili ya vitabu. Ni wanafunzi wa udaktari wa osteopathi, na ili wapate leseni ya kutibu hulazimika kupita mtihani uitwao COMLEX. Wengi wao huongeza kwa hiari mtihani wa pili, USMLE, ambao ni wa madaktari wa kawaida.

Chanzo cha mzigo huo ni mzee mmoja mwenye ndevu ndefu aliyezoea kutembea na mifupa ya binadamu mfukoni.

Andrew Taylor Still alizaliwa Agosti 6, 1828, katika jimbo la Virginia. Baba yake, Abram, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na vilevile tabibu, na familia ilihamahama naye hadi Tennessee, Missouri na hatimaye Kansas, alikohudumu miongoni mwa Waamerika asilia wa kabila la Shawnee. Kijana Still alijifunza uganga kwa kumfuata baba yake kwa wagonjwa. Wakati huo hilo halikuwa jambo la ajabu. Wengi waliingia katika kazi hiyo kwa mlango huohuo, bila kuulizwa cheti.

Alikuwa pia mpinzani wa utumwa, na mwaka wa 1857 alichaguliwa katika bunge la eneo la Kansas. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana upande wa serikali ya muungano.

Lakini pigo lililombadilisha halikutoka kwa adui. Mapema mwaka wa 1864, homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake na kuwaua watoto watatu. Waliwatibu madaktari aliowaamini, kwa dawa walizoziamini, na hazikufaa kitu. Ikumbukwe kwamba dawa za enzi hiyo zilikuwa pamoja na zebaki, kasumba na pombe, na mara nyingi mgonjwa alidhurika kwa tiba kuliko kwa maradhi.

Still hakuacha uganga, bali alianza kuutilia shaka. Alifukua hata makaburi ya Waamerika asilia ili apate mifupa ya kuchunguza, tendo ambalo leo lingelaaniwa, na hapana budi kulitaja. Alijifunza kila kiungo, kila pingili na kila mshipa mpaka akaweza kuutambua mfupa kwa kuupapasa tu.

Mnamo Juni 22, 1874, alitangaza nadharia yake: kwamba mwili una uwezo wa kujiponya iwapo mifupa, misuli na mishipa ya damu iko mahali pake, na kwamba kazi ya tabibu ni kuirekebisha kwa mikono. Chuo cha Baker, ambacho familia yake ilikuwa imesaidia kukiasisi, kilimnyima nafasi ya kuieleza.

Alihamia Missouri, na mwaka wa 1875 akafika mji mdogo wa Kirksville. Kwa miaka mingi alizunguka kama mhazigi, yaani fundi wa kuunga mifupa, huku baadhi ya watu wakimwona mwendawazimu. Wagonjwa waliopata nafuu ndio waliomtangaza. Baadaye treni zikawa zinawaleta kwa wingi.

Mwaka wa 1892 alifungua shule yake katika nyumba ndogo ya mbao yenye vyumba viwili. Somo la viungo vya mwili alilikabidhi kwa William Smith, daktari Mskoti aliyesomea Edinburgh na aliyefika mjini humo akiuza vifaa vya upasuaji. Walipatana hivi: Smith afundishe viungo, naye Still amfundishe ufundi wake wa mikono. Darasa la kwanza lilikuwa la watu wapatao ishirini, wakiwemo wanawake, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati huo havikulikubali.

Still angeweza kuwapa shahada ya kawaida ya udaktari, kwani hati ya shule ilimruhusu. Alikataa, akabuni shahada yake, DO. Katika uamuzi huo ndimo ulimozaliwa mtihani wa pili.

Shahada ngeni haikutambuliwa na sheria yoyote. Mwaka wa 1895 bunge la Missouri lilipitisha mswada wa kuwaruhusu wahitimu wake kutibu, lakini Gavana William Stone akaukataa. Vermont ilitangulia kuwakubali mwaka wa 1896, na Missouri ikafuata 1897 chini ya Gavana Lon Stephens. Kila jimbo likawa vita vyake.

Mwaka wa 1910 ripoti ya Abraham Flexner ilivishutumu vikali vyuo vya osteopathi, kama ilivyovishutumu vyuo vingi vingine. Masomo yakazidi kurefushwa. Mzee mwenyewe, ambaye hakutaka dawa zifundishwe, aliona wafuasi wake wakianza kuzivutia kamba. Hapo alikosea, na historia imeonyesha hivyo: hakuna mkono unaoweza kufanya kazi ya chanjo au ya penisilini. Lakini wakati anazikataa, nyingi ya dawa alizozikataa zilistahili kukataliwa.

Alifariki Desemba 12, 1917, mjini Kirksville, akiwa na umri wa miaka 89.

Baada yake, dawa ziliingia katika mitaala. Kuanzia mwaka wa 1925 majimbo kadhaa yaliweka mitihani ya sayansi za msingi kwa kila aliyetaka kutibu, bila kujali shahada yake, na wanafunzi wa osteopathi walianguka kwa wingi. Vyuo vikalazimika kuimarisha maabara na walimu. Mwaka wa 1934 wakaunda bodi yao ya mitihani, ambayo ndiyo inayosimamia COMLEX. Jimbo la mwisho kuwapa haki kamili lilikuwa Mississippi, mwaka wa 1973.

Tangu 2020 mafunzo ya hospitalini ya aina zote mbili za madaktari yako chini ya mfumo mmoja. Hata hivyo, baadhi ya wasimamizi wa mafunzo hayo huzoea zaidi alama za USMLE, ndiyo maana mwanafunzi wa DO huona heri afanye yote miwili. Hatua ya kwanza ya kila mtihani hutolewa matokeo ya kupita au kuanguka tu tangu 2022, na shindano limehamia hatua ya pili.

Maswali ya mitihani hiyo hufanana kwa sehemu kubwa: moyo, figo, viini vya maradhi, dawa. Tofauti ni kwamba COMLEX humtaka mtahiniwa ajue pia pingili ipi imepinda, ubavu upi umekwama na mikono iwekwe wapi. Nyumba ile ya vyumba viwili ingali imehifadhiwa katika makumbusho mjini Kirksville, kwenye chuo ambacho leo kinaitwa kwa jina la Still.