Mama Muilu Marie na masikilizano ya ndoa



Kila mwaka, tarehe 27 Aprili ikifika, wamama wetu wanavaa kijani na nyeupe, fanfare inapiga, na sisi sote tunamkumbuka Mama Muilu Marie aliyelala siku hiyo mwaka 1959. Tunamkumbuka kama mama aliyechunga kundi wakati mchungaji alipokuwa gerezani. Ni vema. Lakini sikukuu ikiisha kila mtu anarudi kwake, na katika nyumba nyingine bibi na bwana hawajasemezana tangu Jumatatu. Sisi tunaoketi kusikiliza mashauri ya ndoa tunayajua mambo hayo. Bwana alikwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi, akakaa mwaka mzima, simu yake inaita bila jibu. Bibi amebaki na watoto na deni la nyumba. Bwana akirudi anakuta moyo wa bibi umefungwa, na yeye naye hataki kusema alikuwa wapi. Kwa hiyo safari hii tumeona tuandike juu ya Mama Muilu kwa upande ambao hatuusemi sana, yaani kama bibi wa mtu, mwenye bwana, mwenye nyumba, mwenye watoto watatu.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba mwaka 1887, katika nchi ya Bakongo, sehemu inayoitwa leo jimbo la Kongo Central. Mama yake alikufa yeye angali mdogo, akalelewa na shangazi yake Kinzembo. Hilo si jambo dogo katika habari ya ndoa. Mtoto aliyelelewa na mkono wa mwanamke asiyemzaa anajifunza mapema kwamba upendo ni kazi ya kila siku, wala hauji wenyewe kwa sababu ya damu. Alipokuwa kijana alimwoa Muilu Marie kwa desturi ya wazee. Mtoto wao wa kwanza, Charles Kisolokele, alizaliwa mwaka 1914.

Mwaka 1915 wote wawili walibatizwa katika misioni ya Wabatisti wa Uingereza kule Ngombe Lutete. Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Wakati ule ilikuwa kawaida mwanamume asome kwanza, abatizwe kwanza, apate kazi kwa misionere, na bibi yake abaki nyuma na desturi za kijiji, ndipo baada ya miaka miwili mitatu nyumba ikawa na lugha mbili. Yeye anasali, bibi anakwenda kwa mganga mtoto akiugua. Nyumba ya Kimbangu haikuanza hivyo. Walifundishwa neno moja, wakaingia majini mwaka mmoja. Mambo makubwa yalipofika, hapakuwa na haja ya mmoja kumfasiria mwenzake imani ile ni nini.

Mtoto wa pili, Salomon Dialungana, alizaliwa mwaka 1916, na wa tatu, Joseph Diangienda, mwaka 1918. Mwaka huo wa 1918 ulikuwa mwaka wa homa mbaya iliyoua watu wengi katika Kongo yote. Ndio mwaka ambao Kimbangu alisikia mwito wa kuwahudumia watu, akaukataa. Alijiona hana elimu ya kutosha. Mwito ukaendelea, naye akakimbilia Kinshasa, mji ulioitwa wakati ule Léopoldville, akafanya kazi za kibarua, na moja ilikuwa kwenye kampuni ya mafuta ya mawese.

Hapa wanaume wa migodi wasikilize. Kimbangu naye aliacha bibi na watoto wadogo watatu kijijini akaenda mjini kutafuta fedha. Hakufanikiwa, akarudi mikono mitupu. Kuna wanaume wangapi ambao aibu ya kurudi hivyo inawafanya wasirudi kabisa? Wanaoa bibi wa pili mjini, wanazaa, na habari zinafika kijijini kwa midomo ya wasafiri. Kimbangu alirudi kwa bibi yake. Na Mama alimpokea, kwa maana kazi iliyofuata ilianzia katika nyumba ile ile. Sisi tunaona kwamba kumpokea mtu aliyeshindwa ni kugumu zaidi kuliko kumpokea mtu aliyeleta mali, na anayejua kufanya hivyo ameelewa ndoa kuliko sisi tunaohubiri.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, Kimbangu alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, naye akapona. Tangu hapo nyumba yao haikuwa yao tena. Watu walikuja kwa maelfu, wengine kwa miguu, wengine kwa gari la moshi. Wafanyakazi waliacha kazi, wagonjwa walibebwa juu ya machela, mazishi yalielekezwa Nkamba. Vitabu vinasema mengi juu ya mahubiri na miujiza ya miezi ile. Havisemi sana juu ya maji. Nkamba iko juu ya kilima. Anayejua maisha ya kijiji anajua maji ya wageni maelfu huchotwa na nani, mihogo hulowekwa na nani, na mtoto wa miaka mitatu huwekwa wapi usiku wageni wamelala mpaka mlangoni.

Tena, kati ya waliofanya kazi karibu na Kimbangu walikuwako wanawake, kama Mikala Mandombe, ambaye naye alikuja kukamatwa na kuhukumiwa. Katika nyumba nyingi za siku hizi jambo hili peke yake lingetosha kuleta fitina. Tumeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya kwaya.

Na fundisho lenyewe liligusa ndoa moja kwa moja. Kimbangu aliwataka watu waache hirizi, waache ngoma za aibu, na mwanamume awe na bibi mmoja tu. Kwa mtu mwenye heshima wa wakati ule, wake wengi walikuwa mali yake, mashamba yake na jina lake. Mhubiri anayesema neno kama hilo, watu wanatazama kwanza nyumba yake. Wakitazama ile ya Nkamba waliona bibi mmoja, Muilu, ndiye yule yule wa tangu mwanzo. Mahubiri ya bwana yalisimama juu ya maisha ya wote wawili, na kama bibi angekuwa na malalamiko, yangesikika upesi sana kwa maadui.

Serkali ya Wabelji iliogopa. Tarehe 6 Juni 1921 msimamizi Léon Morel alifika Nkamba pamoja na askari ili kumkamata. Kimbangu akaponyoka, kijiji kikaporwa. Kwa miezi mitatu alihubiri kwa kujificha, kisha mwezi wa Septemba akarudi Nkamba mwenyewe na kujitoa mikononi mwa serkali. Akapelekwa Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, na tarehe 3 Oktoba tribinali ya vita ikamhukumu kifo. Misionere wa Kibatisti walimwombea, na mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Elisabethville, huku kwetu Katanga, safari ya zaidi ya kilometa elfu mbili kutoka Nkamba.

Tangu Septemba 1921 bibi na bwana hao hawakulala tena chini ya paa moja. Tuhesabu vizuri. Kutoka ubatizo wao mpaka kukamatwa kwake ni miaka sita, na tukiondoa siku za Kinshasa na miezi ya kujificha, ni pungufu. Kutoka kukamatwa mpaka kifo chake ni miaka 30. Watu waliokaa pamoja muda mfupi namna hiyo waliishi wametengana muda mrefu zaidi sana kuliko ule, na ndoa yao haikufa.

Ndugu mmoja alituuliza katika mkutano wa wazazi, masikilizano gani yanaweza kuwapo kati ya watu wasioonana? Ni swali la kweli, tulilifikiri siku nyingi. Sisi tunafundisha kila siku kwamba bibi na bwana wakae chini, wasemezane, wasilale na hasira. Hawa hawakupata mahali pa kukaa chini. Jibu letu ni kwamba walikuwa wamekwisha kusemezana kabla. Waliingia katika kazi ile wakiijua, kila mmoja akijua mwenzake anataka nini, anaamini nini, na hatakubali nini. Mambo yalipokatika ghafula, Mama hakuhitaji barua ya kumwambia afanye nini. Alifanya kile ambacho bwana wake angekifanya.

Na hakukaa akingoja tu. Serkali ilikataza mikutano, ikawafunga na kuwahamisha waamini kwenda mbali, wengine pamoja na wake zao na watoto wao. Wengine walifika Lowa, juu ya mto, katika nchi ya watu wanaosema Kiswahili, na huko mbegu ikapandwa bila serkali kutaka. Katika miaka hiyo yote Mama Muilu alibaki katika nchi ya kwao, macho ya serkali na ya watu wa serkali yakiwa juu yake, akawapokea kwa siri waliokuja kuuliza, akawatia moyo, akaunganisha vikundi vya sala vilivyofichwa. Wamama waliohamishwa pamoja na mabwana zao waliteseka sana, lakini walikuwa na bega la kulilia. Yeye hakuwa nalo.

Juu ya watoto ndipo tunapoona uchungu wake zaidi. Kisolokele alikuwa na miaka saba baba yake alipokamatwa. Serkali ikamchukua na kumpeleka Boma, katika koloni la masomo, mahali ambapo mtoto alilelewa kwa amri na mbali na wazazi. Baadaye Diangienda naye alisoma huko. Dialungana alibaki na mama. Mtoto aliyelelewa na serkali iliyomfunga baba yake angeweza kabisa kumwonea haya baba huyo, hata kumchukia, kwa sababu alimnyima maisha kama ya wenzake. Na tusisahau kwamba kwa desturi ya Bakongo mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Muilu angaliweza kuwalea wanawe kama watoto wa ukoo wake, akaacha jina la mfungwa lipotee polepole. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini watoto wote watatu, yule wa kijijini na wale wa Boma, walikua wakimjua baba yao na kuitaka kazi yake. Diangienda hakuwa ametimiza hata miaka minne Kimbangu alipoondoka. Picha ya baba aliyokuwa nayo moyoni, sehemu kubwa aliipata kwa mama.

Tunawaambia hivyo wamama waliotengana na mabwana zao kwa sababu ya vita, migodi au kifungo: mtoto anamwona baba asiyekuwapo kwa macho ya mama. Na wanaume nao wasifurahi upesi, wakifikiri kazi hii ni ya wanawake tu. Kimbangu alimwachia Mama jina safi la kulinda. Bwana mwingine anamwachia bibi madeni, fununu na watoto wa nje, kisha anataka watoto wamheshimu.

Hatutaki kumfanya Mama Muilu kuwa mtu asiyelia. Miaka 30 ina usiku mwingi. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu bado bwana wake alipochukuliwa, na alipopata habari ya kifo chake alikuwa mzee. Kuna kitu alinyang'anywa ambacho hata shangwe zetu za Aprili haziwezi kurudisha, na tukimsifu mpaka tukasahau hilo tunamkosea.

Simon Kimbangu alikufa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, angali mfungwa, akazikwa huku huku. Mama akawa mjane kwa sheria, ingawa maisha ya mjane alikuwa ameyajua zamani. Miaka iliyofuata wana watatu walishika kazi waziwazi zaidi na zaidi, wakaomba serkali iache kuwatesa waamini, na Mama akaona kwa macho yake watu wakianza kusali bila kujificha. Tarehe 27 Aprili 1959 akalala. Tarehe 24 Desemba mwaka ule ule serkali ikalikubali Kanisa kwa sheria. Miezi minane tu.

Waamini wa Lubumbashi wanaijua sehemu ya mwisho, wazee wameisimulia mara nyingi. Mwanzoni mwa Aprili 1960, miezi mitatu kabla ya uhuru, mwili wa Kimbangu uliotolewa katika kaburi la Elisabethville ulifikishwa Nkamba. Umati ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mwaka 1921. Wana watatu walisimama mbele, watu wazima sasa, wenye wake na watoto wao wenyewe, wakampokea baba aliyerudi nyumbani. Mama Muilu alikuwa amewatangulia karibu mwaka mmoja.