Aston, jamaa aliyechuja gesi kwa udongo wa kiko

Francis Aston hakuanza kama staa wa sayansi. Alizaliwa Harborne, Birmingham, Uingereza, mwaka 1877, na akiwa kijana alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia. Akitoka kazini anajifungia nyumbani kuunda pampu zake za maabara. Miaka mitatu hivyo, kisha 1903 akaacha mshahara, akarudi kwa utafiti.

Mwaka 1910 akaenda Cambridge kumsaidia J.J. Thomson. Huko neoni, ile gesi ya taa za matangazo, ikawashangaza: ilionyesha uzito wa aina mbili, 20 na 22. Yaani gesi ni moja lakini atomu hazilingani? Ilikuwa ngumu kuamini.

Aston akaamua kuzitenganisha. Kwanza akajaribu makaa yaliyopozwa vikali. Wapi! Akageukia udongo wa kutengenezea viko, wenye vitundu vidogo sana. Atomu nyepesi huenda mbio kidogo, kwa hivyo hutangulia kupenya. Akapitisha gesi, akarudia, akarudia tena. Hata mizani ya kupimia alijiundia. Kufikia 1913, baada ya jasho lote hilo, tofauti aliyopata haikufika asilimia moja.

Halafu vita vikaja. Akapelekwa Farnborough kwa kazi za ndege, na 1914 akanusurika katika ajali ya ndege ya majaribio. Aliporudi Cambridge aliacha udongo, akaunda mtambo wa kupanga atomu kwa nguvu za umeme na sumaku. Mwaka 1919 neoni ikakubali: 20 na 22. Akaendelea hadi isotopu 212, na 1922 akapewa Nobel ya kemia. Alifariki 1945.

Sasa sikia hii. Miaka ya 1990 wanasayansi walirudi kwa vitundu, safari hii vinavyokaribia ukubwa wa molekuli yenyewe, kwenye baridi kali mno. Hapo sheria za kwantamu hugeuza mambo: haidrojeni nyepesi hutapakaa kama wimbi na kutaka nafasi zaidi, kwa hivyo ile nzito ndiyo huingia kwa urahisi. Kinyume kabisa cha udongo wa Aston!

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hadithi hii naisoma kivyangu. Kwangu mwaka wake mkubwa ni 1913, si 1922. Alikuwa na chini ya asilimia moja mkononi, na bado aliendelea.